Muulize kwa Neno Lenyewe

Wazazi, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza kule karibu na mlango, habari za mchana.

Nianze na neno lenyewe: kujiua. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 walijiua watu zaidi ya 720,000, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Bado tunaogopa kulitaja, tukidhani tutampandikizia kijana wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Akiulizwa, mara nyingi hupata nafuu.

Sababu? Watu hutaka moja: aliachwa, alifeli. Lakini wanaofeli ni wengi, na wengi wao tunao. Mtihani humkuta mtu ambaye tayari ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, au anaonewa shuleni, au alidhalilishwa utotoni, au anakunywa ili asahau. Aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Ile kauli ya "anatafuta kuonekana tu" naomba tuiache humu ukumbini.

Sasa tazameni. Binti anampa mdogo wake daftari lake la michoro, lile ambalo hata kuligusa ilikuwa ugomvi. "Chukua tu, mimi silihitaji tena." Mama yuko chumba cha pili, anasikia, anafurahi kwamba siku hizi wanapatana. Mama huyu si mzembe, hakuna aliyemwambia kwamba kugawa kitu unachokipenda hivyo huweza kuwa ni kuaga.

Angejua, angeingia, akakaa kitandani, akauliza: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Kisha akanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunaposhindwa, maana sisi wazazi mawaidha yako mdomoni muda wote. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa na chochote anachoweza kujidhuru nacho, kisha mfike kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Makali ya saa zile hupanda na kushuka. Kila saa mnayomvusha ni ya maana.

Nanyi vijana, rafiki akikuapisha usiseme, sema. Atanuna, pengine mwezi mzima. Mwache anune. Na kama mwenye mawazo hayo ni wewe unayenisikiliza, mwambie mtu mzima mmoja leo, kabla ya kulala. Mimi mwenyewe siondoki mapema. Nitakaa kiti kile cha pembeni.