Jengo la Maziwa na Meza ya Mama Muuza Maziwa

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Tabora, mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie viwanda vya maziwa vilivyofungwa, kama majengo yake yanafaa kuwa masoko. Yanafaa sana, ila mimi nina sharti: muuza maziwa apewe meza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wenye umri wangu mnaikumbuka Tanzania Dairies Limited. Shirika lile la umma lilikuwa na viwanda Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mbeya, Musoma, Utegi na hapa kwetu Tabora. Maziwa mengi ya viwanda vile yalikuwa ya unga kutoka nje, yanakorogwa na maji. Ng'ombe wetu wa asili kiangazi anatoa lita moja, akijitahidi mbili, na ndama naye anadai chake. Mitambo mikubwa hailishwi hivyo. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulikuta hali imeshakuwa mbaya.

Sasa tazameni jengo lenyewe linavyojengwa. Sakafu ya kiwanda cha maziwa huinamishwa kidogo kuelekea mfereji. Mwaga ndoo ya maji, yote yanakwenda. Kuta ni za kusuguliwa kwa sabuni. Chumba cha baridi kina kuta nene, na jukwaa la kupakilia liko usawa wa bodi ya lori. Anayeuza samaki, ile migebuka iliyoshuka na treni ya Kigoma, anatafuta nini zaidi? Haya ndiyo yanayokosekana kwenye masoko yetu mengi, na huku yamejengwa tayari!

Wenzetu wamejaribu. Amsterdam, kiwanda cha zamani cha maziwa kiligeuzwa ukumbi wa muziki mwaka 1970, unaitwa Melkweg, na upo hadi leo. Cape Town, kwenye kiwanda cha kale cha biskuti mtaa wa Woodstock, soko la chakula la Jumamosi lilianza mwaka 2006. Watu wakajaa. Lakini kodi za nyumba za Woodstock nazo zimepanda, na wenyeji wa kipato kidogo wakahamishwa na bei. Hilo linaniuma, na ndiyo maana ya sharti langu.

Kwa hiyo maziwa yabaki ndani ya jengo. Kuanzia, inatosha tangi dogo la kupozea hadi nyuzi 4, na chombo cha kuyapasha moto hadi nyuzi 63 kwa dakika 30. Mama akifika na dumu lake asubuhi, laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, izamishwe mbele ya macho yake, alipwe palepale. Yasiyonunuliwa hadi mchana yagandishwe yawe mtindi, uuzwe jirani na asali yetu, karanga na maembe.

Na kodi ya meza itozwe kwa siku. Mkidai ya miezi sita mbele, mama wa dumu hataingia. Ataingia mwenye duka la simu.