Nembo ya City of London na ule upanga unaosingiziwa Walworth

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Hapa ni Victoria Embankment, kando ya mto Thames, na huyu wa rangi ya fedha mwenye ulimi mwekundu ni joka la mpakani. Ukimpita kuelekea mashariki unaingia City of London, mji wa kale ulio ndani ya London kubwa, mithili ya Mji Mkongwe ndani ya Jiji la Zanzibar. Ni wa chuma cha kusubu, alitengenezwa 1849 pamoja na mwenzake kwa ajili ya soko la makaa ya mawe. Soko likabomolewa, wao wakaletwa hapa 1963.

Tazameni ngao aliyoishika. Uwanja mweupe, msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, na kwenye pembe ya juu upanga mwekundu, ncha imeelekea juu. Mweupe huo kwa wajuzi wa nembo ni fedha. Kanuni yao ni kwamba fedha na dhahabu haziwekwi moja juu ya nyengine, wala rangi juu ya rangi, kwa sababu ngao lazima itambulike kwa mbali. Nyekundu juu ya nyeupe inaonekana. Nyekundu juu ya nyeusi inazama.

Upanga sisi tunauona kushoto, lakini kwenye maelezo ya nembo huo ni upande wa kulia, maana pande huhesabiwa kwa mtu aliyesimama nyuma ya ngao. Mchoraji asiyelijua hilo akifuata maandishi, huupeleka upande usio wake, na nembo imeshaharibika.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Mtaambiwa kuwa hilo ni jambia la Meya William Walworth, alilompigia Wat Tyler, kiongozi wa maasi ya wakulima. Hasha! Tyler aliuawa Juni 1381, na muhuri mpya wa umeya wenye upanga huo ulitengenezwa Aprili 1381. Upanga ni wa Mtakatifu Paulo, msimamizi wa mji huu, aliyekatwa kichwa kwa upanga. Tarehe mbili tu zinaimaliza hadithi nzima, na inasikitisha kuwa bado inasimuliwa.

Kwenye nembo kamili, juu ya ngao pana kofia ya chuma, na juu ya kofia hiyo bawa la joka lenye msalaba. Kwenye muhuri wa 1539 hapo palikuwa na kitu mfano wa upepeo wa kujipepea; wachoraji wakanakili na kunakili mpaka kikawa bawa. Majoka wawili wanaoishika ngao walizoeleka tangu karne ya 17, ila idhini rasmi yao na ya bawa ilitolewa 1957. Chini imeandikwa kwa Kilatini: Mola, tuongoze.

Utaratibu wa kuisoma nembo ni huu: anza na ngao, nenda kwa kilicho juu, kisha walioishika, mwisho maandishi. Jaribuni kwa Bibi na Bwana wetu, nembo ya Tanzania. Ndani ya ngao mna mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka vilivyopishana, na mawimbi. Walioishika wamebeba pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro. Halafu shukeni miguuni, pale wengi wanapoparuka: kwa bibi ni pamba, na kwa bwana ni karafuu. Mkiona mchoro usio na karafuu, urudisheni kwa aliyeuchora.