Kushona Nguo Ikiwa Mwilini

Hamjambo. Niliombwa nizungumzie mitambo mipya ya kusafisha maji. Mniwie radhi, nitazungumzia vali kuukuu, yaani vifungio vya maji kwenye mabomba, maana ndizo zilizoninyima usingizi.

Maji mengi tunayokunywa hapa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu, kisha huteremka yenyewe hadi matangi ya Gigiri. Ng'ethu yenyewe ilijengwa kwa awamu. Nanyi wahandisi vijana, wengi wenu hamtapewa uwanja mtupu. Mtashona nguo ikiwa mwilini: mtakarabati mtambo huku ukiendelea kutoa maji.

Tuseme mtambo una machujio manane ya mchanga. Ukitoa moja ili ubadilishe mchanga, saba yaliyobaki yatabeba mzigo wake. Mito ikiwa safi, sawa. Lakini masika, Machi hadi Mei, mito hushuka na tope, shabu, dawa ya kugandisha tope, hutumika kwa wingi, na kila chujio hudai kuoshwa mara kwa mara. Hapo huna hata moja la kupumzisha. Januari na Februari nazo bwawa linapungua na mji una kiu. Unabakiwa na Juni hadi Septemba, miezi ya baridi. Sasa itazameni kalenda ya serikali: mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Zabuni ikichelewa kidogo tu, mkandarasi anaingia kazini vuli ikibisha hodi. Mimi ni heri nipoteze mwaka mzima kuliko kufungua machujio Novemba.

Kuna mtambo mmoja, sitautaja, tuliopanga kuuzima kwa muda wa saa 12. Matangi yamejaa, mitaa imetangaziwa, mafundi wako tayari na bomba la kuunganisha. Vali ikazungushwa hadi mwisho, maji yakaendelea kupita. Michoro ilisema inafunga. Mzee wa zamu ya usiku alijua miaka mingi kwamba haifungi, ila hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameketi palepale na chai yake, anatutazama. Tukafungasha vyombo. Akina mama walikuwa wamejaza mitungi bure.

Na siku mtakapofaulu kuunganisha, msikimbilie kufungua. Bomba likikauka, maji machafu ya nje hupenya kupitia nyufa. Lisuuzeni, litieni klorini, pelekeni sampuli maabara. Wawakilishi wadi watapiga simu kuuliza maji yako wapi. Ziacheni zilie hadi maabara ijibu.