Maziwe: Kisiwa Kinachofunikwa na Maji

Ndugu Mwenyekiti, walimu na wanafunzi wenzangu,

Ukitoka Pangani kwa mashua wakati maji yamekupwa, mwendo wa kilomita 8 hivi kuelekea kusini-mashariki, utashuka Maziwe, juu ya mchanga mweupe usio na nyumba wala mti. Maji yakijaa, mchanga huo hufunikwa. Kwa lugha ya wavuvi mahali pa namna hii ni fungu, lakini Maziwe tumeendelea kuiita kisiwa, na nadhani tunafanya hivyo kwa kukumbuka ilivyokuwa.

Hadi miaka ya 1970 palikuwa na mivinje, ambayo mizizi yake iliushika mchanga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na mawimbi yakaumega mchanga uliobaki. Wapo wanaolaumu shoka, wapo wanaolaumu bahari. Mimi naona shoka lilitangulia na bahari ikamalizia. Leo ni eneo tengefu chini ya sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari, na shakwe hupumzika hapo maji yanapokupwa.

Jambo lililonileta mbele yenu, hata hivyo, ni kasa. Kasa jike hurudi kutaga katika pwani ya eneo alikoanguliwa, hata baada ya miaka 20 na zaidi, na kasa wa kijani hawajaacha kupanda Maziwe usiku, kuchimba shimo na kufukia mayai mia moja au zaidi. Kiinitete kilichomo ndani ya yai hupumua hewa inayopita katikati ya chembe za mchanga kwa muda wa miezi miwili hivi; mchanga ukilowa maji ya bahari kila siku, hufa kabla ya kuanguliwa.

Ndiyo maana wenyeji huyahamishia mayai Ushongo, bara. Kazi hiyo haitaki kuchelewa, kwa sababu saa chache baada ya kutagwa kiinitete hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo hufa; kwa hiyo kila yai hubebwa upande wake wa juu ukibaki juu, kisha hufukiwa katika shimo lenye kina kama cha lile la mama. Watoto wakitoka hawabebwi hadi majini, bali huachwa watambae wenyewe, na mchanga wa kwanza wanaoukanyaga ni wa Ushongo.