Ororo Ana Kwao

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mzee mwenyekiti, walimu wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimewahiwa na wakubwa: ahsanteni kwa kuja. Nimepewa dakika 20, na wanaonijua wameshaanza kucheka.

Nilipokuwa mdogo, Majengo, sinema tuliiona kibandani, tumebanana kama dagaa, na sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, gari litamwangukia, lakini mwisho atainuka ajipanguse vumbi. Basi tarehe 28 Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika katika filamu ya Black Panther, akafariki, umri wake miaka 43, na ile sheria ikavunjika mikononi mwetu. Filamu ya pili ya Black Panther ilipotoka 2022, mwongozaji wake Ryan Coogler hakututafutia T'Challa mwingine. Alimzika. Mimi niliiona ni adabu. Najua humu ndani wamo waliotaka mrithi, na tumeshabishana barazani hadi kahawa ikapoa. Leo siyarudii.

Lililonileta ni hili la filamu ya tatu. Kila niketipo na vijana husikia maombi yaleyale. Mtoto wa T'Challa akue upesi. Namor, yule adui wa filamu ya pili, arudi na jeshi lake la baharini. Denzel Washington aje. Na huyo mwenyewe alisema, mwaka 2024, kuwa Coogler anamwandikia nafasi. Yote mema. Mimi ombi langu ni moja: nileteeni Ororo.

Wengi mnamjua kama Storm, yule wa nywele nyeupe aliyeigizwa na Halle Berry mwaka 2000. Alianza kuonekana katika vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1975, mwandishi wake Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Babake ni Mmarekani, mpiga picha. Mamake, N'Daré, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Kenya hii hii. Wazazi walikufa Cairo ndege ilipoiangukia nyumba yao. Mtoto akalelewa na mitaa, akiiba mifukoni, kisha akalivuka jangwa hadi Serengeti, na huko watu wakamwabudu kwa sababu akiita mvua, inakuja. (Ndiyo, Serengeti iko Tanzania. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Lunga Lunga nao wana hisa yao.)

Kwa nini basi hakuonekana katika filamu ya kwanza ya Black Panther, mwaka 2018, ilhali vitabuni aliolewa na T'Challa tangu 2006? Jibu ni karatasi tu. Haki za kuwatengenezea filamu kina X-Men, kundi la Ororo, zilikuwa kwa kampuni ya Fox, za Black Panther ziko kwa Marvel yenyewe, chini ya Disney. Mke na mume wametenganishwa na mkataba! Disney iliinunua Fox mwaka 2019, na kizuizi hicho kikaondoka. Namor naye, katika ile filamu ya pili, ametajwa kuwa mmoja wa watu wa aina ya kina Ororo, waliozaliwa na vipawa. Kwa hiyo mlango umeshafunguliwa.

Mtaniambia: mume amekufa, mke aje kwa nani? Nami nasema ndiyo afadhali. Ndoa ile vitabuni ilimfanya malkia wa watu wengine, na ikavunjika 2012. Aje kwa nafsi yake. Ororo ana kwao.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri. Jina. Vitabuni wanalifasiri kuwa ni uzuri. Lakini nenda Mji wa Kale umuulize nyanya yeyote. Kitambaa hiki vipi? Kiororo, chororo, kila mtu na ulimi wake. Ngozi ya mtoto? Nyororo. Moyo wa fulani? Mwororo. Mwanamke anayeangusha radi, na jina lake kwetu ni ulaini! Mwandishi wa filamu angekesha mwezi mzima asiipate kejeli hiyo, na sisi tumeipata bure ndani ya lugha. Mtu mmoja tu kwenye filamu amwite, amuulize jina lake, acheke kidogo. Mimi nimeridhika, nitalipa tiketi mara 3.

Na hiyo lugha. Watu wa Wakanda husema Kixhosa kwa sababu mzee John Kani, aliyeigiza babake T'Challa, alikileta katika filamu ya 2016, Captain America: Civil War, na kikabaki. Mzee mmoja na lugha yake ya nyumbani. Basi Ororo naye aseme Kiswahili, tena si kile cha fulana za watalii. Akikasirika, amtolee adui wake Kimvita, Kiswahili cha Mombasa.

Kisha upepo. Katika filamu za zamani upepo wake hauna jina. Unavuma, magari yanaruka, basi. Sisi upepo una jina, una miezi, una tabia. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha. Baina yake maleleji, upepo wa kubadilikabadilika, nahodha anaketi na tasbihi yake akingoja. Mkiniuliza Mombasa imejengwa kwa nini, nitasema kwa matumbawe na kaskazi. Mtu awezaye kugeuza kusi ikawa kaskazi mwezi wa Juni, huyo katika zama za majahazi angeifunga bandari bila kurusha risasi. Hiyo ndiyo nguvu yake, na sijaona filamu iliyoifikiria hivyo.

Wangenipa sekunde 30 tu ningewaandikia hivi. Usiku, Mama Ngina, ufukweni Mombasa. Ni wakati wa kusi, matawi ya mibuyu yameinamia upande wake wa kawaida. Mvuvi mzee anakunja nyavu. Upepo unakatika. Kimya. Halafu matawi yanaanza kuinama upande wa pili, polepole, na yule mzee, bila kugeuka nyuma, anasema: "Karibu, mwanangu."

Haya, maswali. Tuanze na huyo binti wa pale mlangoni, mkono wake uko juu tangu niliposema Fox.