Chukudu haitengenezwi kwa mikono miwili

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka, jambo zenu. Nimeombwa niseme juu ya vijana na wazee. Mara nyingi anayepewa mada hii huwakemea vijana nusu saa, akawasifu wazee nusu saa, kisha watu wakanywa soda na kwenda kwao. Mimi nitawaeleza habari ya muzee mmoja, fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali tunayobebea mizigo, jirani yetu pale Murara, hapahapa Goma. Na habari yangu nilipokuwa na miaka 14.

Nilikuwa nimefika kwa meli kutoka Bukavu, kukaa kwa baba mdogo. Yeye alikuwa mtu wa safari, mke wake alikuwa sokoni tangu alfajiri. Shuleni walicheka Kiswahili changu cha Bukavu, nikaamua kunyamaza. Nilinyamaza miezi, si siku. Mtu akizoea kunyamaza, hata sauti yake mwenyewe inamshtua.

Ng'ambo ya ukuta wetu, ule wa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji, ndipo alipofanyia kazi muzee. Watoto wa mtaa walimwogopa: tezo mkononi, salamu haitiki. Tulimwita Tate, kama tunavyowaita mababu wote. Siku moja alinikamata nikichungulia. Hakuniuliza jina, hakuniuliza kwa nini siko shuleni. Alisema, "Wewe, kuja ushike hapa."

Ninyi mnaona chukudu zikishuka na kabichi za Kibumba na magunia ya makaa, tena tumezijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Ni wangapi mmeona ikitengenezwa? Ubao mrefu wa karatusi unatobolewa kwa mbele ili upite mti wa usukani. Tundu likipinda kidogo tu, chukudu itavuta upande maisha yake yote, na mwenye mzigo atalaani fundi kila mteremko. Basi lazima mmoja atoboe, mwingine ashikilie. Tate alikuwa akishikilia kwa magoti mpaka magoti yakavimba. Mimi nikawa magoti yake.

Baadaye nikawa macho. Mstari wa penseli alikuwa haoni tena, ila hakukiri. Alisema tu penseli za siku hizi ni mbaya. Nilichora mimi, akakata yeye. Magurudumu ni ya mti pia, yanavikwa ukanda wa tairi kuukuu na kupigiliwa misumari. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Halafu kuna pale dereva anapoweka goti moja huku mguu wa pili ukisukuma: Tate alipigilia kipande cha kandambili iliyokwisha, akaniambia nipige goti. Likiuma, alikibandua akaanza upya. "Goti la mtoto halina adabu," alisema, "linasema kweli."

Watu wakisikia haya husema, ah, muzee alikupa hekima. Hapana. Alilalamikia bei ya misumari kuanzia asubuhi hadi jioni. Kijana mpweke tunamwaga mashauri juu yake kama maji juu ya jiwe, naye ameshayasikia yote. Mimi nilikuwa nimekosa mtu mwenye shida ambayo mikono yangu inaiweza. Na yule muzee, nadhani, alikuwa amekosa mtu wa kumwamuru bila kuomba msamaha. Nilianza kusema tena pale, kwanza neno mojamoja: "Kushoto." "Bado." "Imepinda, Tate."

Jambo moja alilisimulia mara nyingi, mwaka 1977. Tarehe 10 Januari, ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo, volkano yetu hii, lilipasua ubavu wa mlima, likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Uji ule wa moto ni mwepesi kuliko wa volkano nyingine, kwenye miteremko ulikwenda kasi kuliko mtu anayekimbia. Alikuwa huko juu kutafuta mbao. Tembo walikufa kwenye njia yake, alisema, sembuse watu.

Kwa hiyo Alhamisi ile, tarehe 17 Januari 2002, watu walipoanza kupita na magodoro kichwani, Tate aliketi. Alisema, "Ukija kama ule, hakuna mbio. Nenda." Mwaka huo uji wa moto ulitoboka karibu na mji, ukaja polepole kwenye balabala zetu, mtu angeweza kuutangulia kwa miguu. Yeye hakuliamini hilo, na mimi sikuwa na la kumwamulia. Nilimwomba aondoke, akakataa. Nikamwomba tena, nikalia, akakataa. Mwisho nikasema neno ambalo hata sikulipanga: "Tate, njia ya Gisenyi siijui. Nipeleke."

Akasimama. Akatafuta kofia.

Nilimkalisha kwenye chukudu ya mteja, mpya, haijalipwa yote, nikaisukuma hadi Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Gisenyi kule Rwanda, katikati ya maelfu ya watu. Nyuma yetu anga lilikuwa jekundu. Njia nzima alinielekeza: kulia, kushoto, angalia jiwe. Njia yenyewe ilikuwa moja tu na watu wote walikuwa wakiifuata. Kwenye msongamano wa mpakani chukudu ilivunjika usukani, tukaiacha. Alichukua gurudumu la mbele tu, akalipakata.

Moto ulikata mji vipande viwili hadi ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala nyumba zaidi ya 10,000. Karakana ya Tate ilikuwa mojawapo. Tuliporudi baada ya siku chache mawe yalikuwa bado ya moto, soli zilikuwa zinalainika.

Tulikuwa tumesimama juu ya mahali tunapodhani palikuwa na ukuta wetu. Akatokea mteja, suruali imekunjwa hadi magotini, anarukaruka juu ya mawe. Alitupa pole zote, za nyumba, za mji. Kisha akauliza chukudu yake imefika wapi.

Tate akamtazama, akanyoosha lile gurudumu.

"Imefika hapa," akasema. "Shika."