Kabla ya Kuziba Chupa, Jua Bia Imebeba Nini

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi wenu mmenifuata na swali moja: bia niliyopika nyumbani nitie sukari kiasi gani chupani ili itoe povu zuri? Nami nawarudishia swali: hiyo bia, kabla hujaitia chochote, imebeba nini?

Hamira hula sukari, ikatoa pombe na gesi ya kabonidioksaidi. Kwenye ndoo gesi hiyo hutoroka. Ukiongeza sukari kidogo kisha ukaziba chupa, inakosa pa kutokea, basi inayeyuka ndani ya bia. Gramu moja ya sukari ya kawaida huzaa takriban nusu gramu ya gesi.

Sasa tupige hesabu. Wapikaji hupima gesi kwa ujazo: lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia ni ujazo mmoja, karibu gramu mbili. Bia nyingi hupendeza kwenye ujazo 2.4 hivi. Bia za jadi za Uingereza hutaka pungufu, na zile za ngano za Ujerumani huvuka 3. Tuseme tunataka 2.4, yaani gramu 4.7 kwa lita. Lakini bia iliyochachia kwenye nyuzijoto 20 bado ina gramu 1.7 hivi. Imebaki gramu 3, na hizo zinataka gramu 6 za sukari. Kwa lita 20 ni gramu 120. Pimeni kwa mizani, tafadhali, si kwa kikombe. Na kama bia ilichachia kwenye joto kisha ukaihamishia kwenye baridi, hesabu kwa lile joto la juu, maana gesi iliyokwisha kutoroka hairudi.

Hiyo ni gesi iliyomo. Iko pia sukari iliyomo, na hapa ndipo ninapoogopa kwa niaba yenu. Niliwahi kuona mapovu yamekoma kwenye ndoo nikaamini bia imekwisha kuchacha. Sikupima. Usiku mmoja chupa tano zilipasuka kabatini, na asubuhi nikakuta vigae vya kioo vimechoma mbao za mlango. Angekuwapo mtu pale, sijui ningesema nini leo.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha sukari iliyobaki, ndiyo shahidi. Ikisoma 1.014 na bia ingeweza kushuka hadi 1.010, alama hizo nne (kila 0.001 ni alama moja) zitazaa ujazo mwingine kama 2 juu ya ule uliokusudia. Chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Subiri namba isimame palepale siku tatu mfululizo, ndipo ufikirie chupa. Na chupa ziwe nene, zilizotengenezwa kwa vinywaji vyenye gesi.

Kuhusu kuchanganya: chemsha sukari kwenye maji kidogo, mimina kwenye ndoo safi, kisha shusha bia juu yake kwa mpira, polepole, bila kuirusharusha ikameza hewa. Koroga taratibu. Kutia kijiko chupa kwa chupa ndiko kunakokupa moja inayofoka na jirani yake iliyopooza. Acha nafasi ya vidole viwili shingoni.

Baada ya hapo weka chupa gizani kwenye nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki mbili. Bia kali hutaka zaidi. Mimi hujaza chupa moja ya plastiki kila mpiko. Ikiwa ngumu mkononi, najua zile za kioo nazo ziko njiani. Kisha friji, siku mbili kamili, kwa kuwa kimiminika baridi hushika gesi vizuri zaidi. Bia ya vuguvugu humwaga mapovu yake yote mara moja, ukadhani umekosea sukari.

Ikipooza baada ya wiki tatu, kagua vizibo kwanza, kisha ipeleke penye joto na uzipindue chupa taratibu ili hamira iliyotuama iamke. Ikizidi gesi, usizitikise wala usizibebe mikononi mitupu. Vaa miwani ya kinga na glavu nene, zifunike taulo, zipoze sana, kisha inua ukingo wa kizibo kidogo kidogo mpaka mlio upungue, na uzibe upya kwa kizibo kipya.